Magadi Chunguni: Floridi ya Jikoni Katika Eneo la Kikatiti na Historia ya Vikolezo Vyenye Sumu

Utangulizi

Barabara itokayo Arusha mjini kuelekea Moshi hupita Tengeru, Usa River na Maji ya Chai kabla ya kufika Kikatiti. Jina la Maji ya Chai limetokana na rangi ya mto unaoshuka kutoka Mlima Meru. Upande mwingine wa mlima huohuo, kaskazini mashariki, ipo Ngarenanyuki, jina lenye asili ya Kimaasai ambalo maana yake ni maji mekundu. Majina yote mawili yameeleza kile ambacho jicho liliweza kukiona. Kitu kilichowadhuru zaidi wakazi wa pande hizo hakikuacha jina lolote katika ramani, kwa sababu hakina rangi wala harufu, na kwa kiasi kinachopatikana katika maji ya kunywa hakina ladha. Kitu hicho ni floridi.

Tafiti juu ya floridi katika ukanda wa Meru zimeelekezwa zaidi kwenye maji, na kwa sababu nzuri. Hata hivyo, kuna njia ya pili ambayo floridi huitumia kuingia mwilini, nayo ni chungu cha maharage. Magadi, ambayo hutiwa katika vyakula vya kila siku ili vilainike na vipendeze, hubeba floridi kwa viwango ambavyo mara nyingi huzidi vya maji yenyewe. Makala haya yanafafanua namna magadi yanavyofanya kazi jikoni, namna floridi inavyofika ndani yake, na sababu zinazofanya madhara yake yasionekane na anayeyatumia. Hoja kuu ni kwamba magadi ya Kikatiti yanaeleweka vizuri zaidi yakiwekwa katika kundi moja na vikolezo vyenye sumu vilivyotumika kwingineko duniani, hasa risasi iliyotia utamu katika divai ya Ulaya kwa karne nyingi, kuliko yakichukuliwa kuwa tanbihi ndogo chini ya suala la maji.

Utamu zaidi ya sukari

Ulinganisho huo unahitaji maelezo kuhusu neno lenyewe. Katika Kiswahili, tamu si sifa ya sukari peke yake. Wali uliokolea nazi ni mtamu, mchuzi ulioiva vizuri ni mtamu, na hata usingizi na hadithi huitwa vitamu. Chakula kisicho kitamu kinaweza kuwa kichungu, kichachu, kikavu, kigumu au kilichodorora tu. Kwa hiyo kutia utamu katika chakula kunajumuisha kuondoa uchachu na ukakasi, kulainisha na kupendezesha rangi. Lugha nyingine hutenganisha kazi hizi na kuziita kwa majina tofauti, na matokeo yake ni kwamba fasihi ya kimataifa juu ya vitamishi vyenye sumu huorodhesha tu vile vinavyofanana na sukari: chumvi za risasi, dulcini iliyogunduliwa Ulaya katika miaka ya 1880 na kuondolewa katika vyakula nchini Marekani mwaka 1950, au daiethilini glaikoli, kimiminika kitamu kilichoua watu zaidi ya 100 nchini Marekani mwaka 1937 kilipotumika kuyeyushia dawa, na kilichogunduliwa tena mwaka 1985 ndani ya divai za Austria. Kwa kipimo hicho chembamba magadi hayamo. Kwa kipimo cha mpishi wa Kikatiti, yamo.

Risasi katika divai

Warumi walichemsha maji ya zabibu hadi yakapungua na kuwa rojo zito, wakaliita sapa au defrutum kulingana na kiasi cha upunguzaji. Rojo hilo lilitiwa katika divai, katika matunda ya kuhifadhi na katika michuzi. Columella, mwandishi wa karne ya 1 juu ya kilimo, alishauri lichemshwe katika vyombo vya risasi badala ya vya shaba, kwa hoja kwamba shaba hutoa kutu na kuharibu ladha. Ushauri huo haukuwa wa kijinga. Shaba ilionyesha ubaya wake papo hapo kwa ladha mbaya, ilhali risasi ilionyesha wema. Asidi za zabibu zilipokutana na risasi ziliunda chumvi, ikiwamo asetati ya risasi, ambayo ulimi huipokea kama sukari. Tena chumvi hizo huua vijidudu vinavyochachusha divai. Mtengenezaji alipata faida mbili kwa wakati mmoja, utamu na uhifadhi, na zote mbili zilionekana ndani ya siku chache.

Nadharia inayosema kwamba dola ya Rumi ilianguka kwa sababu ya risasi imepata wasomaji wengi kuliko ushahidi wake unavyostahili, na wanahistoria kadhaa wameipinga kwa uzito. Jambo lisilo na shaka ni dogo zaidi, nalo linatosha kwa madhumuni ya makala haya: desturi hiyo haikufa pamoja na Rumi. Katika miaka ya 1690 tabibu Eberhard Gockel wa mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani, aliwachunguza watawa waliopatwa na msokoto mkali wa tumbo, akabaini kwamba walioepuka divai hawakuugua. Alifuatilia divai hiyo hadi kwa muuzaji aliyekuwa akiondoa uchachu wake kwa oksidi ya risasi. Mwaka 1696 mtawala wa Württemberg alipiga marufuku utiaji huo. Miaka 71 baadaye, mwaka 1767, George Baker alieleza ugonjwa wa aina hiyohiyo katika jimbo la Devon nchini Uingereza, safari hii chanzo kikiwa ni risasi iliyokuwamo katika vyombo vya kutengenezea kinywaji cha matofaa.

Mambo mawili katika historia hiyo yanahusu Meru moja kwa moja. La kwanza ni kwamba kikolezo kilichodumu kwa muda mrefu hakikudumu kwa ujinga wa watumiaji bali kwa sababu kilifanya kazi zaidi ya moja, na kilizifanya vizuri. La pili ni kwamba muungano kati ya kikolezo na ugonjwa haukuonekana kwa kuonja. Ulionekana pale tu mtu mmoja alipolinganisha waliokitumia na wasiokitumia.

Kazi za magadi

Magadi ni mchanganyiko wa kabonati na bikabonati za sodiamu pamoja na maji, chumvi ambayo wanajiolojia huiita trona. Katika Bonde la Ufa hutokea kwa wingi katika Ziwa Natron upande wa Tanzania na Ziwa Magadi upande wa Kenya. Yako magadi ya vibonge, yaliyovunjwa kutoka katika tabaka gumu la chumvi ya ziwa, na yako magadi ya unga, yanayokwanguliwa juu ya udongo pale ambapo maji ya chini ya ardhi hupanda wakati wa kiangazi, hukauka na kuacha ukoko mweupe. Aina hii ya pili huwa imechanganyika na udongo, na hupatikana karibu zaidi na makazi ya watu.

Jikoni, kijiko kimoja cha magadi hufanya kazi tatu. Kwanza huivisha. Seli za mbegu ya maharage zimeshikanishwa na pektini, na pektini hiyo imefungwa kwa kalisi. Kabonati huiondoa kalisi kutoka katika kifungo hicho, na hali ya ualikali huimeng'enya pektini yenyewe, hivyo seli huachana na harage hulainika. Hali hiyo huligusa pia ganda la punje ya mahindi, na ndiyo sababu makande yaliyotiwa magadi huwa na punje laini. Pili, magadi huhifadhi rangi. Mboga za majani zikichemshwa katika maji yenye asidi hupoteza magnesi ya klorofili yake na kugeuka rangi ya udongo. Katika maji yenye magadi hubaki na ukijani mkali. Tatu, huondoa uchachu, kwa kuwa alikali huifuta asidi.

Kazi ya kwanza ndiyo yenye uzito wa kiuchumi. Maharage yaliyokaa ghalani kwa miezi mingi katika joto na unyevu huwa sugu, na wapishi wote huyafahamu yale ambayo huchemka tangu asubuhi bila kuiva. Kikatiti iko takriban mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, ambapo maji huchemka kwenye nyuzi kati ya 96 na 97 za Selsiasi badala ya 100, na kadiri mtu anavyopanda miteremko ya Meru ndivyo kiwango hicho kinavyoshuka. Kwa familia inayonunua mkaa kwa kopo au kutafuta kuni kwa miguu, kijiko cha magadi ni akiba ya fedha na ya muda wa mwanamke. Uchambuzi wowote unaoyaita magadi desturi mbaya bila kuihesabu akiba hiyo umekosea mwanzoni kabisa.

Magadi yana gharama nyingine ambazo hazihusiani na floridi. Ualikali huharibu vitamini B1 na vitamini C, na sodiamu inayoongezeka haimfai mtu mwenye shinikizo la damu. Lakini gharama hizo ziko pia katika bikabonati safi ya dukani. Kinachoyatofautisha magadi ya ukanda huu ni kile kilichomo ndani yake pasipo kukusudiwa.

Floridi kutoka mlimani

Mlima Meru ni volkano iliyojengwa kwa miamba yenye sodiamu nyingi na kalisi kidogo, miamba ya jamii ya nefelinaiti na fonolaiti. Miamba hiyo ina floridi nyingi kuliko ya kawaida. Sababu inayofanya floridi hiyo ibaki majini badala ya kutuama ni kalisi, au tuseme ukosefu wake. Katika maji yenye kalisi ya kutosha, floridi huungana nayo na kuwa floraiti, madini yasiyoyeyuka kwa urahisi. Katika maji ya Meru, ambayo yana sodiamu na bikabonati tele na kalisi haba, kizuizi hicho hakipo. Floridi huendelea kuyeyuka na kusafiri.

Nanyaro na wenzake (1984) walipima vyanzo vya miteremko ya Meru na kupata miligramu 12 hadi 26 za floridi kwa lita katika mito, 15 hadi 63 katika chemchemi, na 60 hadi 690 katika mabwawa na maziwa ya magadi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Mfululizo huo wa namba, kutoka mto hadi ziwa, una maana yake. Maji yanapokauka juani floridi haiondoki pamoja na mvuke. Hujilimbikiza, na mwishowe hukaa katika ukoko uleule ambao mtu hukwangua na kuuita magadi. Sehemu yake hukaa humo kama floridi ya sodiamu, chumvi inayoyeyuka upesi majini, ikiwamo katika maji ya chungu.

Kwa sababu hiyohiyo, ushauri wa kuchemsha maji, ambao ni sahihi kabisa dhidi ya vijidudu, hauna msaada wowote dhidi ya floridi. Maji yaliyochemshwa kwa muda mrefu hubaki na floridi ileile ndani ya ujazo mdogo zaidi.

Hesabu ya chungu kimoja

Kiasi cha floridi katika magadi hutofautiana mno kulingana na mahali yalipotoka, kutoka mamia hadi maelfu ya miligramu kwa kilo. Tofauti hii ndiyo inayofanya wastani wowote usiwe na faida kwa kaya moja. Mfano wa hesabu unaweza kueleza zaidi.

Chukulia chungu cha makande kilichotiwa lita 2 za maji yaliyokwisha kuchujwa vizuri hadi kufikia kiwango cha miligramu 1.5. Maji hayo yameleta miligramu 3 za floridi. Mpishi akitia kijiko cha chai cha magadi, takriban gramu 5, na kila gramu ikawa na miligramu 1 ya floridi, chungu kimepata miligramu 5 za ziada. Jumla ni 8, sawa na kupika kwa maji yenye miligramu 4 kwa lita bila magadi. Magadi yakiwa na miligramu 5 kwa gramu, jumla inakuwa 28, sawa na kupika kwa maji yenye miligramu 14 kwa lita. Hayo ni maji ya mto wa Meru usiochujwa. Chujio limefanya kazi yake kwa ukamilifu, na kijiko kimeifuta.

Chungu hicho kikigawiwa watu 5 kwa usawa, kila mmoja katika mfano wa kwanza amepata miligramu 1.6 kwa mlo mmoja. Kwa mtu mzima hilo si jambo la kutisha, kwa kuwa kikomo cha juu kilichowekwa na Taasisi ya Tiba ya Marekani kwa watu wazima ni miligramu 10 kwa siku. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 kikomo hicho ni miligramu 1.3. Ni kweli kwamba mtoto wa umri huo hali sahani ya mtu mzima. Ni kweli vilevile kwamba hali mara moja kwa siku, na kwamba anakunywa maji pia.

Muda kati ya kijiko na doa

Umri wa mtoto una uzito kuliko kiasi cha floridi peke yake. Maziwa ya mama yana floridi kidogo sana hata pale mama mwenyewe anapokunywa maji yenye floridi nyingi, kwa hiyo mtoto anayenyonya tu amekingwa. Kinga hiyo hupungua anapoanza kupewa chakula cha chungu cha familia. Kipindi hicho, kuanzia miezi michache baada ya kuzaliwa hadi takriban miaka 3, ndicho ambacho enameli ya meno ya mbele ya kudumu hujengwa ndani ya taya, chini ya meno ya utoto.

Enameli hujengwa kwa hatua. Kwanza huwekwa kiunzi cha protini, kisha protini hiyo huondolewa kidogo kidogo na nafasi yake kujazwa madini. Floridi iliyozidi huchelewesha uondoaji huo, na enameli hubaki na vinyweleo vidogo chini ya uso wake. Jino likitokeza, sehemu hizo huonekana kama mistari au mawingu meupe yasiyong'aa. Rangi ya kahawia huja baadaye, pale vinyweleo vinaponyonya rangi za vyakula na vinywaji. Kwa hiyo rangi ile si rangi ya floridi, wala haitokani na uchafu, na kusugua hakuwezi kuiondoa.

Meno ya mbele ya kudumu hutokeza mtoto anapofikisha miaka 6 au 7. Mama aliyetia magadi katika chakula cha mtoto wa mwaka mmoja huona matokeo miaka 5 baadaye au zaidi. Wakati huo kijiko kimesahaulika, na mtoto mwingine yuko katika umri uleule akilishwa kwa chungu kilekile. Divai ya watawa wa Ulm ilimtaabisha mnywaji mwenyewe ndani ya muda mfupi, na bado ilihitaji tabibu makini kuitambua. Magadi humpa faida mtu mmoja leo na kumwachia mwingine hasara baada ya miaka mingi.

Grech na Latham, waliochapisha mwaka 1964 uchunguzi wao juu ya floridi kaskazini mwa Tanganyika, hawakuishia kwenye meno. Walieleza pia mabadiliko ya mifupa kwa watu walioishi muda mrefu katika maeneo yenye floridi nyingi. Mifupa huwa mizito lakini isiyo imara, viungo hukakamaa, na kwa watoto miguu inaweza kupinda. Hali hizo za mifupa huhitaji ulaji mkubwa wa muda mrefu, na katika ukanda wa Meru maji ndiyo mhusika mkuu. Meno huhitaji kidogo zaidi, na ndiyo yanayoonekana kila mtu anapofungua kinywa. Kijana wa Arusha anayekwenda kusoma au kutafuta kazi mkoa mwingine hutambulika kwa tabasamu, na wako wanaojifunza mapema kuziba mdomo kwa kiganja wanapocheka. Hasara hiyo haina kipimo cha maabara, lakini mjadala wa kitaaluma usioitaja haujaeleza kwa nini suala hili linawahusu watu.

Mwinuko au magadi

Ushahidi kwamba magadi yanaweza kuleta madoa bila msaada wa maji hautoki Kikatiti, bali katika maeneo ambayo maji yake ni mazuri. Mabelya na wenzake (1992, 1997) walikuta madoa ya meno kwa watoto wa maeneo ya Tanzania yenye maji ya floridi kidogo, wakayahusisha na matumizi ya magadi. Kaseva (2006) aliyachunguza magadi katika kata ya Maji ya Chai, ambako vyanzo vyote viwili vipo pamoja.

Upo ufafanuzi unaoshindana na huu. Manji na wenzake (1986), wakifanya kazi nchini Kenya, walionyesha kwamba watoto wa maeneo ya mwinuko mkubwa wana madoa zaidi kuliko wa pwani wanaokunywa maji yenye floridi inayolingana. Mwinuko unaweza kuathiri namna mwili unavyotoa floridi, kwa kuwa hewa haba hubadili hali ya asidi ya damu na mkojo. Hoja hiyo ina msingi wa kifiziolojia na haifai kupuuzwa.

Hata hivyo, mwinuko na magadi si vitu viwili vinavyojitegemea. Pale maji yanapochemka kwa joto dogo zaidi, maharage huchukua muda mrefu zaidi kuiva, na mpishi ana sababu kubwa zaidi ya kutumia magadi. Utafiti unaopima mwinuko na maji bila kuuliza kinachotiwa chunguni unaweza kuuhesabia mlima kosa la kijiko. Kutenganisha mambo hayo kunahitaji kulinganisha kaya za mwinuko mmoja na maji ya chanzo kimoja, zikitofautiana katika matumizi ya magadi pekee. Kikatiti na kata jirani zinafaa kwa ulinganisho wa namna hiyo, kwa kuwa wanaotumia magadi na wasiotumia huishi kijiji kimoja.

Viwango, machujio na mbadala

Tanzania ilikwisha kukabiliana na ugumu wa maji haya kisheria. Katika miaka ya 1970 iliwekwa ruhusa ya muda ya miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, kwa kuwa kufunga kila kisima kilichozidi kiwango kungewaacha watu bila maji kabisa. Ruhusa hiyo ilishushwa baadaye hadi miligramu 4, na kisha hadi 1.5. Kila kushuka kuliongeza thamani ya hoja inayojadiliwa hapa. Maji yalipokuwa na miligramu 8, floridi ya magadi ilikuwa nyongeza tu juu ya mzigo mkubwa. Maji yakiwa na miligramu 1.5, magadi yanaweza kuwa chanzo kikuu.

Kituo cha Utafiti wa Uondoaji Floridi cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeendeleza chujio la mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa joto lililodhibitiwa, hupondwa, na madini yake huikamata floridi ya maji yanayopita. Ugumu mmoja wa chujio hilo unafanana na ule wa magadi: linapojaa halitoi dalili. Maji yanayotoka yana ladha na mwonekano uleule, na ni kipimo pekee kinachoonyesha kwamba mifupa imechoka.

Kwa upande wa magadi hakuna hata hilo. Huuzwa sokoni kwa fungu, bila lebo, na mnunuzi huyachagua kwa weupe na kwa ukali wa kuivisha. Sifa hizo mbili hazielezi chochote kuhusu floridi. Fungu la leo na la wiki ijayo, hata kwa muuzaji yuleyule, linaweza kutoka sehemu tofauti. Kiwango cha kitaifa cha maji hakiligusi.

Uzoefu wa Ulaya unaonyesha kwamba marufuku peke yake haitoshi. Miaka 70 baada ya amri ya Württemberg, Devon ilikuwa bado ikiugua, na utamu wa risasi ulipungua kweli sukari ya miwa iliposhuka bei na kufanya kazi ileile kwa usalama. Mbadala wa magadi nao lazima uokoe mkaa. Bikabonati ya dukani huivisha na haina floridi ya kutajika, ingawa hugharimu zaidi na hubakiza tatizo la sodiamu na vitamini. Aina za maharage zinazoiva mapema ni njia nyingine, na uivaji ni miongoni mwa sifa zinazoangaliwa na watafiti wa maharage, wakiwamo wa Selian, Arusha, waliotoa aina kama Selian 94, Selian 97 na Jesca. Maharage mapya ya msimu huhitaji magadi kidogo kuliko ya mwaka uliopita.

Njia isiyo na gharama ni kuloweka maharage usiku kucha, kumwaga maji yake na kupika kwa maji mengine. Kuloweka hupunguza muda wa kuiva, ingawa si kwa kiasi ambacho magadi hupunguza. Lakini harage lililolowekwa hunyonya maji yanayokaribia uzito wake wenyewe, pamoja na floridi iliyomo. Kaya yenye chujio dogo, ambayo kwa kawaida hutenga maji yaliyochujwa kwa ajili ya kunywa tu na kutumia ya bomba au ya mto kwa kazi nyingine zote, italoweka kwa maji ya mto. Kwa kaya hiyo, swali la kwanza ni lita ngapi za maji safi zinapatikana kwa siku, na ni ngapi kati ya hizo zinaweza kufika jikoni.